Mpogoa Miti wa Lodwar

"Wewe mrefu! Wewe wa shati jeupe! Ondoka hapo chini!"

Jelagat alikuwa juu ya mwarobaini, futi thelathini kutoka ardhini, mkanda wa ngozi umemkaba kiunoni na msumeno wa mashine ukinguruma mikononi mwake. Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa Oktoba 2012, saa nne asubuhi, na Lodwar yote ilikuwa imemwagika sokoni. Wanawake walipita na shanga zilizowapanda shingoni hadi kidevuni, wauza samaki wakavu walipigia wateja kelele, bodaboda zilipenya katikati ya mbuzi. Mti ule ulikuwa umelalia mabati ya duka la vitambaa na mwenye duka alitaka upunguzwe kabla haujambomolea paa.

Ekiru, Mturkana mpole wa miaka arobaini aliyemsaidia Jelagat kazi za chini, alikuwa amezungusha utepe mwekundu kuzuia watu. Lakini yule mrefu aliinama, akapita chini ya utepe, simu sikioni na katoni begani, akibishana na mtu kwa lugha ambayo Jelagat hakuijua.

Tawi lilikuwa limeshaanza kulia. Kraa!

Mtu mwingine angekimbia. Huyu alisimama, akainua uso, akatabasamu.

Jelagat aliegemeza mgongo kwenye shina, akalisukuma tawi kwa buti zote mbili. Lilipinda hewani, likaanguka hatua moja tu kutoka kwa yule bwana. Vumbi likapanda. Katoni ikapasuka, na chaki zikatawanyika hadi miguuni mwa mbuzi.

Jelagat aliteremka kwa kamba kwa kasi iliyowafanya wauza samaki wapige vigelegele. Akavua helmeti ya rangi ya machungwa. Nywele alizosuka twende kilioni zilikuwa zimejaa unga wa mti, na kope pia.

"Huoni utepe?"

"Nimeona," alisema yule mtu, akijipangusa. "Nilidhani wanafungua duka mpya."

"Ungekufa!"

"Sikufa. Umeniokoa. Kwetu mtu akikuokoa, lazima ujue jina lake."

"Kwetu mtu akiingia mahali palipofungwa, anazabwa kofi."

"Basi nizabe kwanza, halafu uniambie jina."

Ekiru alicheka hadi akaachilia kamba. Jelagat alijikaza asicheke, akashindwa. Akainama kuokota chaki. "Zimevunjika zote, bwana."

"Chaki ya kuvunjika inaandika vilevile," alijibu, naye akachutama. Hata akiwa amechutama bado alikuwa mrefu. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi kwa makini, kola imeanza kuchakaa. "Mimi naitwa Jal. Jal Gatkuoth. Ni mwalimu, kule Kakuma kambini. Nimepewa kibali cha siku mbili kununua vitu vya shule."

"Jelagat. Mpogoa miti."

"Unajua, shuleni kwetu kuna mti moja ya shida sana."

"Mti gani?"

Jal alifikiri. "Nikifika nitaangalia."

*

Jelagat alikuwa mzaliwa wa upande wa Kapsabet. Baba yake aliangusha mikaratusi ya kuni za kukaushia majani chai kiwandani kwa miaka mingi, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume mwenye moyo wa kupanda juu, alimfundisha huyu binti kunoa mnyororo wa msumeno kwa tupa, kuchanganya petroli na oili, na kusikiliza mti kabla ya kuukata. Jelagat alikuja Lodwar na kampuni moja ya kusafisha miti chini ya nyaya za stima. Kandarasi ilipokwisha, wenzake walirudi kwao; yeye akabaki. Alichora kibao kwa mkono wake: *Jelagat Miti. Kupogoa, Kuangusha, Kung'oa Visiki*. Mwanzoni watu walikuja kutazama tu mwanamke aliyevaa suruali akining'inia kama popo. Kisha wakaanza kumwita.

Kulikuwa na mwanamume mmoja huko Kapsabet aliyemwambia achague kati yake na msumeno. Msumeno bado alikuwa nao.

Siku ya tatu baada ya ile kadhia ya sokoni, simu ililia.

"Nimeuona ule mti," alisema Jal.

"Ni wa aina gani?"

"Ni... ya kijani."

"Mti wa kijani Turkana hii! Huo hatuukati, mwalimu, huo tunauwekea askari."

"Basi kuna ingine ina miiba. Inaingia darasani kupitia dirisha. Watoto wanasema imejiandikisha darasa la tano."

"Huo ni mathenge."

"Huyo, huyo Mathenge! Njoo umfukuze shule."

Alikwenda. Alipakia vifaa vyake kwenye lori la mahindi: misumeno miwili, kamba mbili nene, mkanda, shoka dogo, mtungi wa mafuta. Kazi ya siku moja akaifanya siku mbili. Jioni Jal alimpeleka kwenye hoteli ya Godelieve, mama wa Kikongo aliyekaanga maandazi makubwa kuliko ya mtu yeyote kambini.

Godelieve alimshika Jelagat mkono, akaugeuza, akauchunguza kiganja. "Jal, huyu ndjo ule wa miti? Eko muzuri. Lakini mikono yake iko na nguvu kukuzidi. Ukimukosea, utalia."

"Ndiyo napenda hiyo mikono," alisema Jal.

"Imejaa sugu," Jelagat alisema, akiuficha mkono chini ya meza.

"Yangu imejaa chaki. Ziweke pamoja, tuone."

Akauweka juu ya meza. Jal akauweka wake kando, bila kuugusa, na wote wawili wakaangalia ile mikono miwili kana kwamba ilikuwa inataka kusema jambo.

Tangu hapo kila mwezi ulikuwa na safari ya Kakuma. Jal hakuweza kutoka kambini bila karatasi, kwa hiyo ni Jelagat aliyesafiri, na Kakuma ikagundua ghafla kwamba ina miti mingi ya kupogolewa. Siku wasizoonana, simu zilipasha moto masikio yao.

"Umekula, kipenzi?"

"Niko juu ya mti, Jal."

"Sasa unashikaje simu?"

"Kwa bega. Harakisha."

"Nilitaka kusikia sauti yako tu."

"Umeisikia?"

"Bado. Ongea kidogo tena."

Ekiru, kule chini, alikuwa amezoea. Alikaa kivulini, akachukua ugoro, akangoja mapenzi yaishe ndipo kazi iendelee.

*

Aprili ilipoingia, Godelieve alimwita Jelagat kando. Siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Binti, majina imebandikwa pale kwa ubao. Familia ya Nyawech yote inaenda Australia. Jina ya Jal iko pia."

Nyawech alikuwa dada mkubwa wa Jal. Ndiye aliyembeba mgongoni na kumburuta kwa mkono kutoka kwao wakikimbia vita, Jal akiwa na miaka tisa, mama yao akiwa amekwisha kufa njiani. Miaka ishirini na moja walikuwa wakiingoja karatasi hiyo.

Jelagat hakumuuliza Jal. Alirudi Lodwar akangoja aambiwe. Jumatatu wakaongea kuhusu mitihani ya darasa la nane. Jumanne wakaongea kuhusu mbuzi aliyekula rejista ya mahudhurio.

"Una habari nyingine?" Jelagat aliuliza.

"Habari gani?"

"Yoyote."

"Hakuna, kipenzi. Lakini Alhamisi usije. Nina shughuli."

Alhamisi alikwenda. Alivaa gauni la kitenge la kijani alilokuwa amelishonesha kwa ajili ya Pasaka, akapaka midomo rangi, maana kama ni kuagwa, aagwe akiwa nadhifu. Alikuta basi limezingirwa na watu. Wanawake wa Kinuer walikuwa wakiimba nyimbo za kanisani huku machozi yakiwatoka, na wale waliokuwa wakisafiri walikuwa wameshika mifuko myeupe ya stakabadhi. Nyawech alimng'ang'ania Jal kifuani. Jal alikuwa amevaa koti ambalo Jelagat hakuwahi kuliona, begi kubwa begani, mtoto mmoja mkononi.

Akapanda basi. Mlango ukafungwa. Basi likaelekea uwanja wa ndege.

Jelagat alisimama nyuma ya foleni ya mitungi kwenye bomba la maji hadi vumbi la basi likatua. Hakulia. Alitoa laini kwenye simu yake, akaivunja, akaitupa kwenye mchanga wa laga ya Tarach, mto uliokauka. Kisha akamtafuta Ekiru.

"Lokichar kuna kazi. Twende."

*

Lokichar wakati huo ilikuwa imechangamka. Makandarasi wa mafuta walikuwa wameingia, kila mmoja akitaka kiwanja, na kila kiwanja kilikuwa na msitu wa mathenge. Jelagat alifanya kazi kama mtu aliyetumwa na hasira. Alikata hadi mnyororo ukapata moto, akaunoa, akakata tena.

"Fundi," Ekiru alimwambia siku moja, "mti haujakukosea."

"Nani amesema umenikosea?"

"Hivyo unavyoukata ndivyo unasema."

Wiki tatu zilipita hivyo. Kisha mvua ikanyesha, mvua ya Turkana ambayo haibishi hodi, na kesho yake simu ya Ekiru ikalia. Mwalimu mkuu wa ile shule ya Kakuma, aliyeipata namba kwa mwenye duka la vitambaa, alikuwa akipumua kwa shida. Upepo ulikuwa umelipasua tawi kubwa la mti wa ewoi, mgunga mkubwa ulioko kando ya uzio. Tawi, nene kama punda, lilikuwa limelalia ncha ya paa la darasa la tatu, likishikiliwa na utepe wa gome tu. Vijana wa kambini walitaka kuuangusha mti mzima kwa mashoka. Lakini mti ule ulikuwa mali ya ukoo wa mtu aitwaye Lokeno tangu kambi haijawa kambi, na mbuzi wake ndio waliokula maganda yake wakati wa kiangazi. Lokeno alikuwa amefika na ndugu zake sita, kila mmoja na fimbo.

"Anasema tawi wachukue, mti wakiugusa watapigana," Ekiru alieleza.

"Kakuma siendi."

"Fundi, watapigana kweli. Na watoto wa hilo darasa wako nje kwa jua."

Jelagat alitazama mikono yake. "Washa pikipiki," alisema.

*

Walipofika, watu walikuwa wamejaa pande zote mbili za mti, wakimbizi huku, Waturkana kule. Jelagat hakutazama sura ya mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa yule bwana mwenye hasira.

"Ejoka, Lokeno?"

"Ejok," alijibu kwa ukali. "Wewe ndiye unaua miti?"

"Mimi ndiye naikinga isiuawe. Nitatoa tawi hili peke yake, na kidonda nitakisafisha ili kifunge. Msimu ujao mti wako utazaa."

Lokeno alimkagua kuanzia buti hadi helmeti. "Nitasimama hapa nikiangalia."

"Simama, lakini nje ya utepe."

Alipanda. Shina lilikuwa bado limelowa. Alijifunga kwenye panda ya juu, akalifunga tawi lililopasuka kwa kamba nene, akaipitisha kamba hiyo juu ya tawi jingine lenye afya na kuiangusha chini. Ekiru aliizungusha mara tatu kwenye shina la mti wa jirani ili uzito usimburute mtu. Lakini tawi lilikuwa zito mno kwa mtu mmoja.

"Nataka mwingine kwenye kamba!" Jelagat alipiga kelele. "Mrefu, mwenye uzito, asiyepaparika!"

"Mrefu niko," sauti ikajibu kutoka chini. "Kupaparika, leo sijui."

Jelagat aliangalia chini. Shati jeupe. Kola iliyochakaa. Mkono wake ulitereza, na kama mkanda haungekuwa umemshika, angefika ardhini kabla ya tawi.

"Wewe! Si uko Australia?"

"Australia gani? Niko hapa napiga simu yako siku ishirini na tatu! 'Mteja hapatikani, mteja hapatikani.' Yule mama wa kwenye simu sasa anajua sauti yangu!"

"Nilikuona ukipanda basi!"

"Nilibeba mizigo ya Nyawech! Ana watoto wanne, Jelagat, angewabeba na meno? Nilishuka pale uwanja wa ndege, nikarudi kwa miguu nikilia kama mtoto!"

Umati mzima ulikuwa ukisikiliza. Hata ndugu wa Lokeno walikuwa wameshusha fimbo, mmoja akiwatafsiria wengine.

"Na jina lako kwenye ubao?"

"Lilikuwepo."

"Enhe!"

"Nikalitoa."

"Mungu yangu!" Godelieve alipayuka kutoka nyuma. "Alilitoa!"

Jelagat aliinua wavu wa helmeti unaokinga macho. "Nani alikwambia ulitoe? Miaka ishirini na moja, Jal! Watu wanakufa wakingoja karatasi hiyo!"

"Hakuna mtu aliniambia. Ndiyo maana sikukuambia wewe. Ungejikaza hivyo ulivyo, useme, 'Enda, Jal.' Na mimi ningekuheshimu, ningeenda. Ningefika huko nikiwa nusu."

"Kwa hiyo ukaninyamazia."

"Nilinyamaza, na nilikosea. Nilitaka Nyawech aende kwanza, roho yake itulie, ndiyo nikuambie. Nilipiga jioni ile ile."

Machozi yalichanganyika na vumbi la safari usoni mwa Jelagat, yakawa matope. "Nimekaa wiki tatu Lokichar nikikuzika!"

"Na mimi niko hai, mrembo! Nifufue!"

"Nyinyi!" Lokeno alifoka. "Mti wangu unangoja! Mapenzi mtamaliza chini!"

Kicheko kikalipuka, cha huku na cha kule, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Jelagat alishusha wavu. "Shika kamba, mwalimu! Usiizungushe mkononi, itakukata vidole! Nikisema achia, achia polepole, kama unayelaza mtoto!"

Msumeno ukaamka. Alikata kwanza kwa chini, robo tu, ili gome lisichanike hadi kwenye shina. Kisha akahamia juu. Unga mweupe ukamwagika. Mti ukaguna, ukanyamaza, ukaguna tena, halafu tawi likakatika kwa mlio uliowafanya watoto waanguke kifudifudi.

Kamba ikavutika kama uzi wa nyatiti. Jal akanyanyuliwa, viatu vikaacha ardhi, Ekiru akamdaka mkanda wa suruali. Tawi likayumba juu ya mabati, likakwaruza, likapinda bati moja, likasita.

"Achia! Polepole!"

Kamba ikatoa moshi ilipokuwa ikiteleza kwenye shina. Tawi likashuka, dhiraa kwa dhiraa, likapita dirisha, likapita ukuta, likalala mlangoni mwa darasa la tatu taratibu hata kuku aliyekuwa pale hakuondoka.

Mayowe yaliyopigwa yalisikika hadi mjini. Watoto wakalirukia tawi. Lokeno akasogea, akatazama juu kwenye jeraha, laini na safi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akawaambia ndugu zake waende nyumbani.

Jelagat alishuka. Jal alisimama mbele yake, viganja vyekundu kwa kuungua, shati limechanika begani.

"Na nikisema sikutaki?" Jelagat aliuliza kwa sauti ya chini. "Utakuwa umekosa Australia, umenikosa na mimi."

"Nitabaki na darasa la tatu," Jal alisema. "Uamuzi ulikuwa wangu. Hauko juu yako, hata kidogo. Sikubaki ili unilipe."

Jelagat alikuwa amejiandaa kwa maneno matamu, hakuwa amejiandaa kwa haya.

"Basi niulize," alisema.

"Nikuulize nini?"

"Jal Gatkuoth, nitarudi juu ya huo mti."

"Nioe! Yaani, nikuoe! Tuoane!" Maneno yakamkwama. "Lakini sina ng'ombe. Ng'ombe wa baba waliisha vitani. Sina hata mbuzi. Jelagat, nina kitambulisho cha mkimbizi na kalamu nyekundu."

"Hayo utamwambia baba." Akachukua simu ya Ekiru, akapiga, akaweka sauti kubwa ili na Jal asikie. "Baba? Ni mimi. Kuna mtu hapa..."

"Yule mwalimu?" sauti ya mzee ikauliza kutoka Kapsabet. "Mama yako ameniambia. Si ulisema amesafiri?"

"Hakusafiri. Alibaki."

"Alibaki," mzee alirudia, akilipima neno hilo. "Ana nini?"

"Hana kitu, baba. Ni mkimbizi. Ana kazi yake ya kufundisha."

Upepo ulisikika kwenye simu. Watu mia mbili walisogelea simu.

"Na wewe unamtaka?"

"Namtaka, baba."

"Basi aombe kibali cha kuja hapa tumwone."

*

Kibali kiliombwa Mei. Juni hakikutoka. Julai Jal aliambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo akaambiwa vivyo hivyo. Kila Jumapili alimpigia mzee simu kumweleza, sauti ikizidi kupungua.

Jumamosi ya pili ya Agosti, kabla ya adhuhuri, matatu iliyojaa vumbi ilisimama mbele ya hoteli ya Godelieve. Walishuka watu kumi na mmoja kutoka Kapsabet: baba yake Jelagat katika suti ya kahawia na kofia, shangazi watatu waliojifunga leso mpya, wajomba waliochoka na barabara. Jelagat mwenyewe alitokeza mwisho, kwenye lile gauni la kijani, akicheka kwa jinsi Jal alivyosimama mlangoni bila viatu, mdomo wazi.

"Mwanaume akikwama," mzee alisema, akimpa mkono, "watu wanamfuata. Tupe mahali pa kukaa."

Mama yake Jelagat alikuwa amebeba kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, kutoka nyumbani, amekipakata njia yote. Alikifungua, akamsogelea Jal, akakiinua hadi mdomoni mwake kwa mikono yake miwili, kama inavyofanywa kwa mtoto wa nyumba. Jal aliinama sana ili afikie. Alikunywa, akasita, akafumba macho.

"Huyapendi?" mama aliuliza kwa wasiwasi.

"Nayapenda, mama," alisema Jal. "Ni vile tangu nilikuwa na miaka tisa, hakuna mama amenishikia kibuyu."

Mama alikiinua kibuyu tena.